Breki Husema Kabla ya Kufa

Ninyi mkaao Namanyere mwajua jinsi pikapu za zamani zinavyotusaidia. Zateremka na mahindi na maharagwe kwenda Kirando na Kipili, kisha zapanda na dagaa na migebuka. Huku juu ya uwanda wa Ufipa gari lenye breki mbovu laweza kutembea juma zima pasipo mtu kujua. Lakini njia ya ziwani yashuka mpaka Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kama mita 770 tu juu ya usawa wa bahari. Mteremko huo ndio utakaofichua ubovu wote, na nyuma, juu ya magunia, wamekaa akina mama na watoto.

Mimi nimeendesha pikapu ya namna hiyo miaka mingi. Fundi mzee aliyenifundisha alikuwa na neno moja: breki husema kabla ya kufa, nawe uzisikilize kwa mguu. Dalili ya mvua ni mawingu. Basi sikilizeni dalili zake.

Kwanza, gari likiwa limesimama na injini inanguruma, kanyaga pedali kwa nguvu, ushikilie, uhesabu mpaka thelathini. Ikibaki ngumu mahali pake, vema. Ikizama polepole, tazama kikopo cha mafuta ya breki. Kama mafuta yamepungua, chungulia nyuma ya kila gurudumu na kufuata mabomba yote, tafuta unyevu. Kama hayakupungua, na nje ni pakavu, basi shaka iko kwenye masta silinda: mipira ya ndani imelika, na mafuta yarudi nyuma badala ya kusukuma.

Pili, pedali ikiwa laini kama sifongo, breki zimeingia upepo, sharti utolewe. Ikishuka mno mara ya kwanza, kisha mara ya pili ikasimama juu, mara nyingi viatu vya breki za nyuma vimelika au vimekaa mbali na dramu. Hapo wengine husema, "Aa, ukipampu zinashika!" Msidanganyike. Mtoto akikatiza barabara ghafula, hakuna nafasi ya kukanyaga mara mbili.

Tatu, gari likivuta kulia unapofunga breki, usikimbilie kulaumu gurudumu la kulia. Huenda hilo ndilo lifanyalo kazi, na la kushoto limelala. Baada ya mwendo mfupi, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lenye joto kuwapita wenzake, breki yake haijiachii. Lililo baridi halishiki.

Siku moja ya gulio pikapu yangu ilikuwa imejaa tayari. Nilipohesabu, pedali ikazama. Nikawaomba abiria washuke. Walinung'unika sana; baba mmoja alidai nauli yake kwa ukali, nikamrudishia, na wengine vivyo hivyo. Tulipofungua gurudumu la nyuma la kushoto, silinda yake ndogo ilikuwa inavuja, na viatu vyote vimelowa mafuta. Fedha zile nilikuwa nimezitazamia kwa ada ya shule ya mwanangu, naye akachelewa kwenda shule juma zima. Lakini abiria wangu wote walilala wazima usiku ule.

Tena, hata breki nzima huchoka kwa joto la mteremko mrefu. Mafuta ya breki hunyonya maji kidogo kidogo kutoka hewani. Yale ya DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakisha kunyonya maji, yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka, mvuke hujaa bombani, na pedali yaenda chini bure. Kwa hiyo yafaa kuyabadili kila miaka miwili. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia, wala usikalie breki toka juu mpaka chini. Wala usimimine kikoponi mafuta ya injini au ya taa: mipira itavimba na kuharibika.

Nawe ndugu usiye na gari, neno hili ni lako pia. Kabla ya kupanda, muulize dereva kwa upole kama amezijaribu breki leo. Dereva mwema hatachukia kuulizwa. Na akikwambia gari haliendi, usimsukume kwa maneno wala kwa noti. Ziwa halihami, utalikuta kesho.