Kabla ya Kuiita Mpya

Watu wakisikia kwamba nimewahi kushiriki kuipa jina spishi mpya ya diatomu ya maziwa ya Antaktika, huniuliza kwanza habari za baridi. Baridi ya huko siijui, sijakanyaga. Sampuli hunifikia Ulaya ndani ya vichupa vidogo: tope la ziwa, au utando uliokwanguliwa juu ya mawe. Wanaochota ni wenzangu wanaosafiri hadi sehemu kama kisiwa cha James Ross, ambako Wacheki wana kituo chao cha utafiti, wakati wa kiangazi kifupi maji yanapokuwa wazi. Kila kichupa lazima kiwe na maandishi ya mahali, tarehe na hali ya maji. Kikikosa maandishi hayo, ni tope tu.

Diatomu ni mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika. Ganda lina nusu mbili, moja imeifunika nyingine kama kopo na mfuniko wake. Aliyepita Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, ameona miamba myeupe inayochimbwa pale. Ile ni maganda ya diatomu za ziwa la kale, yaliyorundikana.

Maabara tunaanza kwa kuondoa kila kitu isipokuwa ganda. Sampuli hutiwa haidrojeni peroksaidi kali, hupashwa moto hadi nyuzi 80 hivi, kisha huongezwa pamanganeti ya potasiamu ili mabaki ya uhai yateketee. Maganda yaliyosalia husuuzwa, tone moja hukaushwa juu ya kioo chembamba, na kioo hicho hubandikwa kwenye slaidi kwa gundi iitwayo Naphrax. Gundi ya kawaida haifai, maana silika hupinda mwanga karibu sawa na maji na kioo. Ganda lingekuwa mbele yako na usilione vizuri. Naphrax hupinda mwanga zaidi, ndipo mistari ya ganda inapojitokeza.

Hapa ndipo wengi hupotea. Diatomu ikigawanyika, kila mtoto hurithi nusu moja ya ganda la mzazi, kisha hujijengea nusu ya pili kwa ndani. Aliyerithi mfuniko hubaki na ukubwa uleule; aliyerithi kopo huwa mdogo kidogo. Kizazi baada ya kizazi urefu wa wastani hupungua, mpaka uzazi wa kijinsia uurudishe. Umbo nalo hubadilika njiani: kubwa mara nyingi huwa nyembamba na ncha zilizotokeza, ndogo huelekea kuviringana. Mwoneshe asiyejua picha ya kubwa kabisa na ya ndogo kabisa, atakuapia kuwa ni spishi mbili. Ndiyo maana siamini maelezo ya spishi mpya yaliyoambatana na picha tatu nzuri tu. Nataka mfululizo mzima, toka ganda refu hadi fupi.

Visivyoyumba sana ni vitu vingine: mistari mingapi ndani ya mikromita 10, vitundu vingapi katika kila mstari, mpasuo wa katikati unapinda upande gani mwishoni. Katika jenasi ya Luticola, ambayo imejaa katika maziwa na udongo wa huko, tunatazama pia tundu moja la pekee lililo upande mmoja tu wa kitovu cha ganda. Mengi ya haya hayaonekani kwa hadubini ya mwanga. Ganda hupakwa dhahabu nyembamba mno na kuingizwa katika hadubini ya elektroni, mashine ambayo kila mtu katika jengo anaigombea.

Lakini picha hata ziwe safi namna gani, hazijathibitisha lolote. Kazi yenyewe ni kuonyesha kwamba hakuna aliyekutangulia. Mwaka 1909 Henri Van Heurck, Mbelgiji, alichapisha diatomu zilizoletwa na msafara wa meli Belgica wa 1897 hadi 1899, ikiwamo Navicula muticopsis. Mwaka 1990 ilihamishiwa Luticola. Kwa miongo mingi karibu kila kilichofanana nayo kule kusini kiliitwa jina hilo. Vingine vilipewa majina ya Ulaya, kwa kuwa vitabu vilivyokuwa mezani ni vya Ulaya, na kwa kuwa wengi walishika wazo lililoenezwa na mwanasayansi Baas Becking mwaka 1934 kwamba viumbe vidogo huenea kila mahali, mazingira ndiyo yanayochagua. Watafiti waliporudi kwenye slaidi za kwanza kabisa, zile alizozitazama mtoa jina mwenyewe, walikuta chini ya jina moja spishi kadhaa, na nyingi hazijulikani kwingine nje ya Antaktika.

Kosa hili lina gharama. Maganda hubaki kwenye tope la ziwa kwa maelfu ya miaka, na wanaosoma historia ya hali ya hewa huyategemea. Spishi moja ikipenda maji ya chumvichumvi na mwenzake maji matamu, halafu zote zikaandikwa jina moja, tope hilo litasomwa vibaya.

Kuhusu taratibu za kutoa jina sitasema mengi. Kanuni ya kimataifa inataka maelezo kwa Kilatini au, tangu 2012, kwa Kiingereza. Inataka picha au mchoro, na kielelezo kimoja, kwa kawaida slaidi, kilichowekwa katika mkusanyiko unaotajwa kwa jina. Kujipa jina lako mwenyewe hakukatazwi, ila utachekwa.

Maziwa ya juu ya Mlima Kenya na Ruwenzori nayo yana diatomu, na anayezitambua mara nyingi hufungua vitabu vilevile vya Ulaya. Wewe mwanafunzi wa biolojia wa Nairobi, Makerere au Dar es Salaam, ukikuta ganda linalofanana kiasi tu na picha ya Ujerumani, usiliandikie jina hilo ili umalize jedwali. Andika jenasi, acha nafasi ya spishi wazi, tunza kichupa na slaidi yako, kisha omba picha za kielelezo cha kwanza.