Cherehani tunazo, mwajiri yuko wapi?

Kila Wakenya wa huku Ujerumani wanapochanga fedha za kusaidia watoto wenye ulemavu nyumbani, mazungumzo huishia kwenye vifaa: cherehani, viti vya magurudumu, kontena la kupitia Mombasa. Sababu inaeleweka. Kifaa hupigwa picha, na picha humridhisha aliyetoa mchango. Lakini karakana ya ufundi haifungwi kwa kukosa cherehani. Hufungwa pale mwalimu asipolipwa, na pale wazazi wanapoona waliomaliza mafunzo wamerudi kukaa nyumbani. Naro Moru ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Mji wenyewe ni mdogo, uko kwenye barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, na una makao ya watoto wenye ulemavu chini ya Kanisa Katoliki. Kuna mashamba ya viazi na vitunguu, ng'ombe wa maziwa, hoteli za wapanda mlima, na mafundi wa jua kali kando ya lami. Kazi ipo na watoto wapo. Anayekosekana ni mtu wa kuwaunganisha, mwenye wajibu ulioandikwa na anayeweza kuulizwa.

Tuanze na serikali, maana hapo ndipo wajibu unapopotelea. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijiji, likaiachia serikali ya kitaifa elimu maalumu na taasisi zake. Sasa chuo cha ufundi cha watoto wenye ulemavu ni cha nani? Mkurugenzi wa elimu atasema ufundi ni wa kaunti. Afisa wa kaunti atasema elimu maalumu ni ya Nairobi. Na vituo vya zamani vya kuwafunza ufundi watu wenye ulemavu, kama kile cha Muriranjas huko Murang'a, viko chini ya idara nyingine kabisa, ya ustawi wa jamii. Mtaala mpya nao una hatua ya ufundi kwa wanafunzi wasioweza kufuata njia ya kawaida. Hatua hiyo inahitaji karakana. Vyuo vinne vya kiufundi vya kitaifa tulivyozoea kuvitaja, yaani Karen, Machakos, Sikri na Nyang'oma, vilianzishwa kwa ajili ya viziwi na wasioona. Kijana wa Naro Moru mwenye mtindio wa ubongo hana lake hapo, na hata yule kiziwi atalazimika kusafiri zaidi ya kilomita 150 kufika Karen.

Huku Ujerumani kuna vyuo vipatavyo 50 vya kuwafunza ufundi vijana wenye ulemavu, vyenye mabweni, useremala, bustani, jikoni na ushonaji. Mgeni huvutiwa na majengo. Mimi navutiwa zaidi na sheria iliyo nyuma ya majengo hayo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kujaza asilimia 5 ya nafasi zake kwa watu wenye ulemavu mkubwa, na asipofanya hivyo hulipa tozo inayohesabiwa kwa mwezi kwa kila nafasi iliyobaki wazi. Tangu 2024, kampuni kubwa isiyo na hata mtu mmoja wa aina hiyo hutozwa zaidi ya euro 700 kwa nafasi moja. Fedha hizo haziingii kwenye mfuko wa jumla wa serikali: hutumika kurekebisha mashine, kununua meza inayopanda na kushuka, kumlipa mkalimani wa lugha ya ishara. Kwa hiyo chuo kinapomfunza kijana, upande wa pili yupo mwajiri anayepata hasara kwa kutomchukua.

Nisiwauzie Ujerumani kama pepo, hata hivyo. Nchi hii ina karakana za pekee, zilizotengwa na soko la kawaida la ajira, zenye watu wapatao 300,000. Malipo yao ni kama euro 220 kwa mwezi kwa wastani, na wanaotoka humo kila mwaka kwenda kwenye ajira ya kawaida hawafiki hata mmoja kati ya mia. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu imeikosoa Ujerumani kwa jambo hili, mwaka 2015 na tena 2023. Hili ndilo onyo kwetu. Tukifungua karakana Naro Moru kama mahali pa kuwatunzia vijana mchana kutwa wakifuma vikapu vya kuuzia wafadhili, tutakuwa tumeiga kibaya tukaacha kizuri.

Wapo watakaouliza: kama kutengwa ni kubaya, kwa nini kuwe na chuo chao? Si waende kwenye chuo cha ufundi cha wodi pamoja na wenzao, kama inavyotaka sera ya 2018 ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu? Hoja hii ina uzito, na kwa baadhi ya watoto jibu ni ndiyo, waende hata kesho. Ila tazama karakana ya kawaida ilivyo. Cherehani ni ya kukanyaga, na msichana aliyepooza mguu hawezi kuikanyaga. Anahitaji mota na swichi ya kubonyeza kwa kiwiko. Jiliwa limefungwa kwenye meza ya mtu aliyesimama. Mwalimu huongea akiwa ameupa darasa mgongo, na kiziwi haambulii kitu. Mpaka hayo yabadilike, sera inamwandikisha mtoto bila kumfunza. Ninachopendekeza ni karakana moja iliyorekebishwa, mlango wake wazi kwa vijana wote wa mji, wenye ulemavu na wasio nao, na kila mwanafunzi awe na sehemu ya wiki kwa fundi au mwajiri nje. Wajerumani hufunza hivyo fani zao nyingi, na jua kali letu limefunza hivyo miaka yote, bila cheti.

Cheti ndicho cha kuongezwa. Kabla ya kununua kifaa hata kimoja, wanaotaka kufungua karakana ya Naro Moru waandike makubaliano ya pande nne: kaunti ilipe mwalimu, makao au kanisa litoe jengo na malazi, kamati ya wazazi ifuatilie mahudhurio, na fundi au mwajiri apokee mwanafunzi kwa siku zilizotajwa, pamoja na tarehe ya mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Tarehe hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Atakuwepo msomaji wa kusema mafundi watawageuza watoto hawa vibarua wa bure, wa kufagia na kubeba maji, na hofu yake si ya kubuni. Mtihani wenye tarehe humbana fundi, kwa sababu mwanafunzi aliyekuwa akifagia ataanguka, na kamati itajua alikuwa kwa nani.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la fedha: Ujerumani ni tajiri, sisi hatuwezi. Lakini sheria ya kwanza ya Wajerumani ya kuwalazimisha waajiri ilipitishwa mwaka 1920, nchi ikiwa imeshindwa vita, imejaa wanaume waliokatwa viungo, na fedha yake ikiporomoka. Lengo lilikuwa kuwapa kazi badala ya kuwategemeza kwa pensheni peke yake. Kwetu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 tayari inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee asilimia 5 ya nafasi. Waajiri pia hulipa NITA shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na aliyelipa anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo. Mashamba makubwa ya maua na mboga ya upande wa Nanyuki na Timau yanaingia moja kwa moja kwenye sheria hizo mbili. Ni vyema yaendewe kwa barua inayotaja vifungu, na si kwa bakuli la kuomba.

Ambao sheria ya asilimia 5 haiwagusi ni wale wadogo: fundi mwenye wasaidizi wawili, hoteli ya vyumba kumi. Hao ndio wengi Naro Moru, na hapo ndipo mchango wa ughaibuni ungefaa. Nanyuki Spinners and Weavers, ushirika wa akina mama ulioanza 1977, umeonyesha kwamba kazi ya mikono inaweza kudumu miaka mingi kilomita ishirini na kitu tu kutoka hapo, na vikundi vya aina hiyo vinaweza kumpokea kijana ikiwa kuna wa kulipia miezi ya kwanza, anapokuwa bado anaharibu uzi. Basi badala ya kontena, tulipe posho ya mwaka mmoja kwa kila fundi aliyetia sahihi, nusu mwanzoni, nusu siku ya matokeo ya gredi. Na mkalimani wa lugha ya ishara alipwe na nani? Hilo ningependa kamati ilijibu kwa maandishi kabla ya harambee ya kwanza.