Pesa Zisizo Haki Yangu

Yule mama hakuwa na deni langu, lakini nilimdai na akanilipa. Nilimdai mbele ya wateja, kwenye kitalu chake kando ya barabara, huku kwetu chini ya Mlima Meru, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa. Nilisema ameniuzia miwaridi ya porini akidai ni ya kubebesha. Wanawake waliokuwa wakichagua miche walirudisha viriba chini, wakaondoka. Yeye hakubishana sana. Aliniuliza kama nilipanda alivyonielekeza, nikamjibu kwamba mimi si mtoto. Akafungua pochi, akanihesabia pesa zangu zote.

Maelekezo yake yalikuwa maneno machache tu. Siku niliponunua, alishika mche mmoja akanionyesha uvimbe mdogo kwenye shina, juu kidogo ya udongo wa kiriba, mahali ambapo bado palikuwa na kipande cha nailoni. “Hapa, baba, pasifukiwe. Na jembe likae mbali na shina.”

Uvimbe ule ndio kiungo. Mawaridi mengi ya madukani hayana mizizi ya kujitosheleza, ndiyo maana jicho lake hubebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine, mgumu, wenye mizizi ya kupambana na udongo. Mashamba makubwa ya Naivasha hutumia sana shina liitwalo Natal Briar kwa kazi hiyo. Aliyewahi kupanda parachichi za Hass anaijua habari hii: katika shimo moja unakuwa na mimea miwili, wa juu umeununua kwa ajili ya ua, wa chini upo kuutumikia. Ila wa chini nao una uhai wake, na ukipewa nafasi utaota kwa faida yake wenyewe.

Mimi nilikuwa na kitabu. Kilikuwa kizuri, chenye picha za rangi, kilichoandikiwa watu wa nchi za baridi kali, ambako wapo wanaofukia kiungo sentimita kadhaa ardhini ili jalidi isikiue. Bustani yangu haijawahi kuona jalidi. Nilifukia.

Kisha nikaanza kulisha. Nilikuwa na pupa ya maua, nikiona haya kuwa na bustani mpya isiyo na kitu cha kuonyesha wageni. Jirani anafuga ng'ombe wa ndani. Nikachukua samadi mbichi, ya moto kabisa, nikaiweka shimoni moja kwa moja, na juu yake nikanyunyiza urea kwa kiganja bila kupima. Urea ni nitrojeni asilimia 46. Mahindi yaliyokwisha kushika huistahimili kwa kipimo. Mche uliotoka kwenye kiriba jana hauiwezi. Chumvi ikizidi kwenye udongo, mizizi hushindwa kuvuta maji hata kama udongo umelowa. Kingo za majani zikawa kahawia. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji, tena jioni, kwa mpira, juu ya majani. Kuvu wa madoa meusi huhitaji jani libaki limelowa kwa muda wa saa 7 hivi ili apate kuingia. Mimi nilimpa usiku kucha.

Hayo ni makosa ya kawaida, na sidhani kama yangestahili kuandikwa. Sehemu za juu zilikuwa zimedhoofika, lakini hazikuwa zimekufa.

Aibu yangu inaanzia kwenye jembe. Nilipalilia mara kwa mara, karibu kabisa na shina, kwa sababu napenda kuona udongo mweusi uliogeuzwa. Mzizi wa mwaridi ukijeruhiwa, mara nyingi hutoa chipukizi pale pale kwenye kidonda. Yakaanza kutokea machipukizi: marefu, ya kijani cha kung'aa, yanayokua kwa kasi huku matawi ya juu yakisinyaa. Nilifurahi nikasema mbolea imeanza kufanya kazi. Niliyafungia vijiti yasivunjwe na upepo. Nilimwita mke wangu aje kuyaona. Halafu, nikiwa na mkasi wa kupogolea nilioununua siku hiyo, nikakata yale matawi membamba ya rangi ya zambarau yaliyokuwa yakidhoofika, ili nguvu yote iende kwa haya mapya.

Matawi niliyokata ndiyo waridi nililonunua.

Nami nimekulia kwenye kahawa. Tangu nikiwa shule ya msingi nilitumwa na baba kuondoa maotea kwenye mibuni, na niliweza kuyatambua kwa kupapasa tu. Lakini kahawa ilikuwa kazi ya nyumbani, waridi likawa jambo la kitabu, na haikunijia akilini kwamba ujuzi wa kule ungefaa huku.

Nilikuwa nimetaka waridi la rangi ya damu ya mzee, lile linalokaribia weusi likiwa bado limefumba. Yalichanua maua madogo meupe, vichala kwa vichala, ambayo petali zake zilipukutika kwa kuguswa. Ndipo nikashika njia kwenda kitaluni kudai pesa.

Ukweli niliupata nilipokuwa nang'oa. Nilichimba mche wa kwanza nikautikisa udongo, na kiungo kikaonekana: juu yake kibutu kikavu chenye alama ya mkasi wangu, chini yake machipukizi yote niliyoyafungia vijiti. Nikachimba wa pili, hali ni ile ile. Hapakuwa na nafasi ya kujitetea. Mche ulikuwa umebebeshwa vizuri, na fundi wake alikuwa na mkono safi.

Nilijua siku hiyo, nikanyamaza. Hapa ndipo pazito kuliko urea na jembe. Masika yote yalipita nikijua. Nilikuwa nikipita pale kitaluni na kugeuza uso upande wa pili wa barabara, nikijiambia kwamba pesa zenyewe si nyingi, kwamba huenda amekwisha kusahau.

Mche mmoja ulikuwa umesalimika kwa sababu ulikuwa nyuma ya tangi la maji na jembe langu halikufika vizuri. Niliufukua mpaka kiungo kikaonekana. Chini yake palikuwa na chipukizi moja, nikalivuta kwa mkono mpaka likachomoka lilipotokea. Ukilikata kwa mkasi, macho yaliyolala kwenye kitako chake huamka na kukuletea mengine zaidi. Watu husema hesabu vijani: vitano ni waridi lako, saba ni la porini. Usiitegemee sana hesabu hiyo, maana mawaridi mengi ya kisasa nayo hutoa vijani saba. Fukua uone linatokea wapi.

Mche huo nimeuwekea majani makavu ya mgomba kama matandazo, yasiyogusa shina. Naumwagilia asubuhi, chini, maji ya kutosha kuzama, kisha nauacha mpaka udongo ukauke juu. Mboji naupa kidogo, iliyooza hasa, na urea imehamia kwenye mahindi. Vitumba vya kwanza vya maua nilivitoa vyote kwa vidole ili mche ujenge mizizi na matawi kwanza. Nilikiona kila kimoja kina wekundu ndani, na niliona uchungu kukitoa.

Nilipokwenda hatimaye, nilimwamkia, nikamweleza yote, nikamrudishia pesa. Alizipokea bila kukataa kwa adabu ya kwetu, akazihesabu, akazitia pochini. Kisha akaniuliza, “Na wale waliokusikia?”

Sikuwa na jibu. Mmoja nilimfahamu kwa sura, nikamtafuta kanisani nikamwambia. Waliobaki siwajui. Kama ulikuwepo kitaluni siku ile ukarudisha kiriba chini kwa sababu yangu, miche ya yule mama ni ya kubebesha kweli, na miwaridi myekundu bado anayo.