Aliingia na Rasta, Akatoka na Wigi: Mdada wa Kibaha na Binamu Yake Mchora Katuni

Kama we ni mpenzi wa Bongo Movie, hii umeshaiona mara mia: dada anaingia chumbani na rasta, anatoka na wigi. Watu wanacheka, wanakata kipande, wanaweka status.

Sasa kuna mdada mmoja wa Kibaha, maeneo ya Maili Moja, kipande chake kilizunguka kwenye magrupu balaa. Anagombana na mume mlangoni, rasta zimefika mgongoni. Anatoka nje sekunde hiyohiyo ana wigi fupi, na uso umekonda. Maoni yalikuwa kejeli tupu, eti kabadilisha kichwa.

Ambacho watu hawakujua, sini ya ndani ilishutiwa Kisarawe kwenye nyumba ya kukodi, ya nje ikashutiwa wiki tatu baadaye. Katikati hapo alimzika mama yake, na kwao ukifiwa na mzazi unanyoa. Nyumba inalipiwa kwa siku, kamera ya kukodi. Akarudi kazini na kipara chini ya wigi.

Aliyemtetea ni mtoto wa shangazi yake wa Kisarawe, kijana anayechora katuni za watoto kwa kompyuta. Kwenye katuni, anasema, hakuna anayefiwa kati ya picha na picha. Mhusika unamtengeneza mara moja, nywele na nguo zake zinakaa kwenye kompyuta, kesho unamkuta vilevile. Ndiyo maana wahusika wengi wa katuni wana nguo moja mwaka mzima (na hakuna anayewauliza kama wanafua). Hata upepo hauvumi mpaka uuchore.

Ila naye ana ya kwake. Kuna babu kwenye katuni yake ana kovu shavu la kushoto. Akitaka babu aangalie upande wa pili, anageuza picha nzima kama kwenye kioo, kovu linahamia kulia. Aliyeligundua ni mtoto wa jirani wa miaka sita! Na hapo huwezi kusingizia mvua wala msiba, maana kila kilichopo kwenye picha kuna mtu amekiweka. Afadhali linafutika: alikesha usiku mmoja, kovu likarudi kwao.

Hata wakubwa yanawakuta. Mwaka 2019 Game of Thrones, na hela zao zote, walisahau kikombe cha kahawa mezani. HBO wakakifuta kwa kompyuta ndani ya siku chache. Filamu ya Kisarawe nani ana bajeti ya kufuta wigi?

Mdada hakujibu mtu mtandaoni. Prodyuza alipompigia kuhusu sehemu ya pili, akakubali kwa sharti moja: kila siku kabla ya kufunga kazi apigwe picha, nywele, hereni mpaka kucha. Na akamwambia kabisa kwamba atakuja na wigi lilelile, nywele bado hazijafika za kusuka.