Kuitikia si Kufahamu

Jamaa zangu wa Mji Mkongwe na Ng'ambo, nakuandikieni kutoka London. Huku mama mjamzito hapungukiwi na karatasi: kila akenda kliniki hurudi na nyengine, na katika hospitali za umma za NHS hatozwi pesa za mkalimani. Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini ripoti ya MBRRACE-UK, inayochunguza vifo vya wajawazito na wazazi, ilionesha kuwa kati ya 2019 na 2021 wanawake weusi wa Uingereza walifariki kwa kiwango kinachokaribia mara nne ya wazungu. Sisemi yote ni lugha. Wamo wengi waliozaliwa hukuhuku, Kiingereza chao hakina kasoro, na bado wanalalamika kuwa hawasikilizwi. Kwa aliyetoka Unguja juzi, lugha ni mzigo juu ya mzigo huo, na tafsiri peke yake haiutui. Mtu hutafsiriwa, akaitikia, na asifahamu.

Chukua kifafa cha mimba. Hatari huanza kabla ya mama kuanguka: presha inapanda, mkojo una protini, kichwa kinauma hakitulii, macho yanaona vimulimuli, uso unavimba. Madaktari wana jina la hali hiyo ya mwanzo. Sisi tunaiita kwa jina la mwisho wake, na jina lenyewe limebeba kifafa, maradhi ambayo baadhi yetu tunayahusisha na pepo. Mama ambaye hajapata kuanguka husikia neno hilo, huona halimhusu, huitikia kwa adabu. Mkalimani hakukosea hata herufi. Au mkunga anauliza kuhusu mtoto tumboni: mfasiri wa vitabu ataandika "mienendo ya kijusi", wakati bibi wa Makunduchi na mjukuu wake wa Michenzani wote husema mtoto hachezi. Na ile "ndiyo" yetu! Kwetu ni heshima kwa mkubwa na kwa mwenye elimu. Huku inaandikwa kwenye faili kuwa mama ameelezwa na ameelewa.

Wapo watakaosema: basi ajifunze Kiingereza. Ajifunze, naam, lakini mimba ni miezi tisa na lugha ni miaka. Tena uchungu ukishika, hata aliyesoma hurudi kwenye lugha ya mamake. Wengine watasema mume yupo, au mtoto anayesoma skuli za huku. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linafanana na msaada. Mambo ya damu na ya chumbani mwanamke wa kwetu aliyasikia kwa somo wake, mlango umefungwa. Leo tunamtaka ayaseme kwa kinywa cha mwanawe wa miaka 12? Atayapunguza, na atakayoyapunguza huenda ndiyo yaliyompeleka kliniki. Na kama mume ndiye anayempiga, nani atalitafsiri hilo? Simu ya kutafsiri haina haya, nakubali, ila haimwambii: hebu nieleze wewe, ukiona nini utakuja hospitali usiku huohuo? Swali hilo, likajibiwa kwa maneno yake mwenyewe, lingefaa kuliko karatasi kumi.

Msidhani nakuleteeni shida ya wageni tu. Madaktari wa Kichina wanatibu Unguja tangu 1964, kwa hiyo hospitali ya Mnazi Mmoja inajua vyema mgonjwa na daktari kuhitaji mtu wa tatu. Na mnayo hoja inayoweza kunigeuka: utafiti wa Wired Mothers, uliofanyika Unguja 2009 na 2010 kwa wajawazito 2,550 katika vituo 24. Kundi lililopewa ujumbe wa simu na vocha ya kumpigia mhudumu, asilimia 60 walizalishwa na wenye ujuzi. Kundi jengine, asilimia 47. Ila faida ilionekana kwa wa mjini, si kwa wa shamba, na Kiswahili ni kimoja. Kumbe lugha si kitu? Naona vyengine. Vocha ilimpa mama kile karatasi isichompa, nafasi ya kuuliza tena. Lakini jibu la "njoo hospitali" saa nane za usiku shamba huishia barazani pasipo na gari. Huku basi la usiku lipo. Kinachokosekana ni wa kumuuliza.