Mkanda wa Boksi



Wiki chache zilizopita, katika kipindi cha falsafa ya mtu, mwalimu wetu aliandika ubaoni neno la Kilatini persona. Akatueleza kwamba kabla halijawa na maana ya nafsi, kabla ya Boethius na ile fasili yake ambayo sisi wa mwaka wa pili tunaikariri hata tukiwa bafuni, neno hilo lilihusu kinyago alichovaa mwigizaji jukwaani. Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi kalamu ilisimama. Nilikuwa nimerudi Kibiti, kwenye banda la video nyuma ya stendi, na shilingi mia imelowa jasho mkononi.

Sikuzaliwa Kibiti. Baba ni mwalimu, alihamishiwa huko nikiwa mdogo, tukawa moja ya familia chache za Kikatoliki mtaani. Rafiki yangu wa kwanza alikuwa mtoto wa jirani, Mndengereko, Mwislamu, amenizidi mwaka mmoja. Jina lake silitaji, na mbele mtaona kwa nini. Jumamosi yeye akitoka madrasa nami nikitoka mafundisho ya Komunyo, tulikutana bandani. Mwenye banda alikuwa na CD za mieleka ya Marekani zilizochunika mpaka picha inaganda mtu akiwa hewani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetutafsiria, kwa sauti kubwa, ingawa leo sina hakika kama alijua Kiingereza.

Staringi wetu alikuwa Rey Mysterio. Wengine walikuwa majitu, yeye mfupi, amefunika uso wote kwa kinyago cha kitambaa, na mara nyingi kinyago hicho kilikuwa na alama ya msalaba. Msalaba ule ulinipa kiburi kidogo mbele ya wenzangu, nakiri. CD tuliyoirudia mpaka ikafa ilikuwa ya pambano la tarehe 2 Aprili 2006, karibu na Chicago, alipowashinda Kurt Angle na Randy Orton akachukua mkanda wa ubingwa wa dunia. Tulitoka pale tukakata boksi la sabuni, tukabandika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, tukafunga kwa kipande cha kanga. Ulingo wetu ulikuwa mchanga chini ya mkorosho. Rafiki yangu alinibwaga mara nyingi kuliko nilivyombwaga, kwa hiyo mkanda ulikaa kwao mpaka mchwa walipoumaliza.

Nilikuja kujua baadaye kwamba ufundi ule wa kuruka kutoka kwenye kamba haukuwa wa Marekani. Mysterio alizaliwa California katika familia ya Kimeksiko, akafundishwa na mjomba wake, akaanza kupigana Tijuana akiwa bado kijana mdogo. Wameksiko huuita mchezo huo lucha libre. Kampuni yao kongwe ilianzishwa Septemba 1933, na ukumbi wake mkuu, Arena México, uliofunguliwa 1956 katika Jiji la Mexico, mashabiki huuita kanisa kuu la lucha libre. Kuna técnico, ambao sisi tungewaita mastaringi, na kuna rudo, yaani maadui, wanaovunja kanuni refa akigeuka. Pambano la ubingwa huwa la raundi tatu, anayeshinda mbili ndiye bingwa. Na ndiyo, matokeo hupangwa. Siku mwenye banda aliponiambia hivyo nililia. Rafiki yangu alisema tu, "Sasa kwani lini walisema si mchezo?" Roland Barthes, Mfaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1957 ana jambo linalofanana na hilo kwa kurasa nyingi zaidi.

Huko Mexico mkanda si kitu kikubwa kuliko vyote. Mkanda ukipotea leo unaweza kurudi mwezi ujao. Pambano linalojaza ukumbi ni lile ambalo wawili wanawekeana dau la vinyago. Anayeshindwa hufunguliwa kamba za kisogoni, anavua, na hapo katikati ya ulingo anataja mbele ya watu wote jina lake halisi, alikozaliwa na miaka aliyopigana. Kwa desturi, kinyago kilichopotea hivyo hakirudi. El Santo, mwenye kinyago cha fedha, hakushindwa kamwe pambano la namna hiyo. Januari 1984 alikiinua kidogo kwenye televisheni, tarehe 5 Februari akafariki, wakamzika nacho.

Halafu nikamsoma padre. Sergio Gutiérrez Benítez alizaliwa 1945 katika jimbo la Hidalgo, alikotoka El Santo pia. Ujana wake uliliwa na dawa za kulevya. Mwenyewe husimulia kwamba alikwenda kwa padre kuomba msaada, akafukuzwa, na hasira ile ndiyo iliyompeleka seminarini. (Walezi wetu wanapotuuliza chanzo cha wito, nadhani wachache tungethubutu kujibu hivyo.) Akawa padre, akafungua makao ya watoto yatima Texcoco, na fedha za kuwalisha hazikuwapo. Akakumbuka filamu za padre anayepigana mieleka kwa ajili ya yatima. Akajifunza kwa siri, akashona kinyago cha njano na nyekundu, akajiita Fray Tormenta, yaani Ndugu Dhoruba. Malipo yalikuwa madogo kuliko alivyotarajia, lakini aliendelea kwa zaidi ya miaka 20. Siri ilitoka pale mwanamieleka mwenzake, Huracán Ramírez, alipomtambua akiadhimisha Misa. Mwaka 2006, mwaka uleule wa mkanda wa Mysterio, Hollywood ikatoa Nacho Libre, kichekesho kilichotokana na habari zake. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nawaza mtu mzima, usiku, anatupwa chini mbele ya watu wasiojua ni nani, ili asubuhi watoto wapate uji.

Lakini kilichoninyima usingizi ni ile habari ya kutaja jina na ulikotoka. Nilishamwona mtu akifanya hivyo.

Wasomaji wa Pwani hawahitaji kusimuliwa. Kibiti na Rufiji, viongozi wa vijiji walikuwa wakiuawa na watu wanaokuja usiku, na tukajifunza kuwaita kwa neno moja tu, wasiojulikana. Tarehe 13 Aprili 2017, Alhamisi Kuu, askari polisi 8 waliuawa Mkengeni. Nilikuwa na miaka 17, nimerudi nyumbani kwa Pasaka. Kanisani tulikuwa tumeoshana miguu, habari zikatukuta tunatoka. Pikipiki zikakatazwa kutembea usiku. Banda la video likafungwa. Hata kuvaa kofia ya baridi asubuhi ilikuwa kujitafutia maswali.

Siku moja baada ya hapo nilikuwa kwenye Hiace nikitoka Ikwiriri, na rafiki yangu amekaa kiti cha nyuma yangu. Kwenye kizuizi tukashushwa wote. Mimi nilikuwa na kitambulisho cha shule. Yeye alikuwa ameacha shule baada ya darasa la saba, hakuwa na karatasi yoyote. Akaulizwa. Akataja majina yake matatu, akataja kijiji cha baba yake huko delta, akasema baba anatengeneza ngalawa. Alisema vizuri, hakutetemeka. Askari akageukia abiria: "Nani anamfahamu kijana huyu?"

Rafiki yangu akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu.

Mama mmoja muuza samaki, ambaye nina hakika hakuwa amemwona zaidi ya mara mbili, akasema, "Mimi namjua, mama yake namjua." Wakaambiwa wasubiri pembeni. Gari likaondoka, wao wawili wamesimama barabarani na ndoo ya samaki kati yao. Jioni alirudi salama. Hakuja kwetu, nami sikwenda kwao.

Niliungama. Padre alinipa kitubio, kisha akaongeza kwa upole kwamba nimtafute mwenzangu. Kitubio nilikimaliza siku ileile. Hilo la pili nililibeba miaka 8, na katikati yake nikapata barua tatu za mapendekezo zinazosema mimi ni kijana mkweli. Mwakani, Mungu akipenda, nitavikwa kanzu. Tayari likizo wazee wananiamkia kwa heshima nisiyoistahili, "Frateri, Frateri," na ninaona jinsi ilivyo rahisi kukaa ndani ya jina hilo mtu asikuulize kitu. Fray Tormenta aliwaficha uso kwa ajili ya wale watoto. Mimi uso wangu ulikuwa wazi kabisa siku ile, na hakuna aliyeuona isipokuwa mmoja.

Likizo ya mwisho nilishuka stendi ya Kibiti, nikasikia mtu akiita, "Mtoto wa ticha! Umenenepa!" Alikuwa juu ya bodaboda, ameoa, ana watoto wawili. Tukanywa chai pale kwa mama ntilie. Sikujua nianzie wapi, nikaanza na Fray Tormenta. Alicheka mpaka akashika meza. "Yaani padre anabwagwa Ijumaa, Jumapili anasomesha Misa na nundu usoni?" Akataka kujua kama aliwahi kuchukua mkanda. Nikamwambia kwamba kule mkanda si hoja, nikamweleza habari ya kinyago, na ya anayeshindwa kutaja jina lake na kijiji chake mbele ya watu.

Akaacha kucheka. Akakorogakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Nikasema, "Siku ile pale kizuizini, nilikufahamu."

"Najua ulinifahamu," akasema. Akaweka shilingi elfu moja mezani kabla sijafikia mfuko wangu, akawasha pikipiki, akanitazama. "Panda basi. Mama yako anakusubiri."