Mjomba Kacheza Mchanga, Kijiwe Kikacheka!

Wiki hii nicheke tu, maana washikaji wa kijiweni hapa Ifakara wameshanicheka mpaka basi. Eti mtu mzima, kamaliza kidato cha nne, Jumamosi nzima yuko uani anacheza mchanga na watoto!

Kisa ni mpwa wangu, yuko darasa la tatu. Masika ya 2024, mafuriko yalipoingia mjini kwetu, nyumba yao ya tofali mbichi ililowa ikalala chini. Tangu hapo yuko kwangu. Wingu likitanda tu, anabeba madaftari yake na kuyapandisha juu ya kabati. Haambiwi na mtu, na wala hasemi kitu.

Basi, nikaleta ndoo ya mchanga wa mto Lumemo. Tukauosha, tukauchekecha, tukauanika. Mwekundu tuliupata kwa vumbi la tofali la kuchoma, mweusi kwa mkaa uliotwangwa, wa njano kwa manjano ya jikoni. Wa kijani tuliutia rangi ile ile ya ukili wa mikeka; kuichemsha nilifanya mwenyewe, watoto wakae mbali.

Kila mtoto na chupa yake ya jamu. Chini kokoto na vipande vya mkaa. Udongo wa kupandia unakaa katikati, mchanga wa rangi unauzunguka pembeni kwenye kioo, tabaka kwa tabaka. Ukitikisa, umekwisha! Ukichoma taratibu kwa kijiti kandokando ya kioo, mistari inapanda na kushuka kama milima. Watoto wa jirani wakatengeneza Udzungwa ya kijani na mpunga wa njano. Juu tukapanda mshubiri mdogo.

Mpwa wangu akajaza mweusi mwingi, kisha mwekundu juu kabisa.

"Huu mweusi ni maji, mjomba. Hapa juu ni kwetu."

Niliposhika kikombe nimwagilie, akaficha chupa mgongoni. "Usitie! Itabomoka!"

Jamani, nilikwama. Ningesema maji hayana neno, angejua namdanganya. Nikamwambia ukweli: chupa haina tundu, maji yakizidi mizizi inaoza. Ila bila maji kabisa, mshubiri nao utakufa. "Sasa utapima wewe," nikampa kijiko cha chai.

Alikaa nacho muda mrefu. Mwishowe akatia kimoja, akainama kutazama kiooni maji yakishuka. Hakuna kilichobomoka. Sasa kabla ya kutia kingine anagusa udongo kwa kidole. Kama haujakauka, hatii.

Juzi usiku mvua ilinyesha. Akaamka, madaftari juu ya kabati kama kawaida. Chupa akaiacha dirishani.

"Na hiyo je?"

"Hiyo kijiko ninacho mimi, mjomba," akajibu, akarudi kulala.

Washikaji, endeleeni kucheka. Ila mwenye chupa tupu ya jamu asiitupe, aniletee. Watoto wa mtaa mzima wanasubiri Jumamosi.